Maswali ya wasomaji: Nimechoka hata nikilala

Mwezi huu barua ni nyingi na karibu zote zinaimba wimbo mmoja. Wanawake wa miaka arobaini na kitu mpaka hamsini na kitu, wamechoka, wanaugua ugua, na kila mmoja ameshaambiwa na mtu fulani kwamba "kinga yako imeshuka". Nimechagua chache. Nimezifupisha maana nyingine zilikua ndefu kuliko majibu yangu, na mnajua mimi mwenyewe si mtu wa maneno machache.

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 46. Mwaka wa pili huu naamka nimechoka kuliko nilivolala. Nikipanda ngazi kidogo tu moyo unadunda kama nimekimbia, nywele zinabaki kwenye kitana, mafua yakiisha wiki tatu yamerudi. Nilipima damu ikawa 12.1 wakasema niko sawa. Hedhi nazo zimekua nzito, kuna siku nabadilisha pedi kila saa na usiku natandika taulo, ila naambiwa umri huu ndo hivo. Nimeshameza vidonge vya kuongeza kinga aina tatu sioni kitu. Nifanyeje kinga ipande? – Mama wa Wawili

Marahaba mama. Barua yako yote ni kinga, kinga, kinga, halafu katikati kuna huo mstari wa hedhi umeupitisha haraka haraka kama haukuhusu. Mimi huo ndo nimeusoma mara tatu.

Pedi kila saa na taulo kitandani siyo "umri huu ndo hivo". Ni kweli umri una mkono wake hapo, maana miaka michache kabla hedhi haijakoma homoni zinapanda na kushuka bila mpango, kuna miezi yai halitoki kabisa, sasa ukuta wa kizazi unaendelea kujijenga tu bila homoni ya kuutuliza na siku ukiamua kubomoka unabomoka wote kwa mpigo. Ukiwa na uvimbe kwenye kizazi, ambao wanawake wengi wa umri wako wanao na wengine hata hawajui, ndo balaa kabisa. Lakini kujua kwa nini kunatokea hakumaanishi ukae nako. Hedhi inayozidi siku saba, au inayolowesha pedi kila saa kwa masaa kadhaa, au yenye mabonge makubwa, hiyo unaipeleka hospitali hata kama mama yako na shangazi zako wote walipitia hivo hivo wakanyamaza.

Sasa hiyo damu 12.1. Kwa mwanamke asiye na mimba Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 12, kwa hiyo aliyekwambia uko sawa hakukudanganya, ila alipima ndoo ya jikoni hakufungua tanki. Mwili unaweka akiba ya chuma pembeni, na kila ukipoteza damu unachota kwenye akiba kutengeneza nyingine. Ndoo inabaki imejaa, wewe unaona maji yapo, kumbe kule nje tanki limebaki tope. Akiba hiyo inapimwa kwa kipimo kinaitwa feritini, na ndicho nataka ukaombe. Ikiwa chini ya 15 hapo hakuna ubishi, akiba imekwisha, na madaktari wengi wakimuona mtu ana dalili kama zako hata akiwa chini ya 30 wanamtibu. Moyo kudunda kwenye ngazi, nywele, uchovu wa kuamka nao, vyote vinaweza kutoka hapo wakati damu bado inasoma "sawa". Usiende kupima ukiwa na mafua makali au homa maana feritini inapanda mwili ukiwa vitani na itakudanganya.

Ikionekana iko chini utapewa vidonge vya chuma. Watu wengi wanavimeza vibaya. Wanakunywa viwili vitatu kwa siku wakidhani ndo watapona haraka, matokeo yake tumbo linavurugika, choo kinafunga, wanaacha. Ukimeza kimoja, ini linatoa kitu kinachofunga mlango wa kunyonya chuma kwa karibu siku nzima, kwa hiyo kile cha pili na cha tatu vingi vyake vinapita tu. Kimoja kwa siku kinatosha, na kuna wanaopewa siku moja wanameza siku moja wanaruka na wanafanya vizuri tu. Usikimeze na chai, kahawa wala maziwa, acha lisaa limoja au mawili yapite. Choo kitakua cheusi, usiogope. Na usiache siku utakayojisikia nafuu, kujaza tanki kunachukua miezi, kawaida unaendelea kama miezi mitatu hivi baada ya damu kukaa vizuri. Ila usianze kujimezea kabla ya kupima, chuma kikizidi nacho ni sumu.

Halafu bomba linalovuja lifungwe. Omba altrasaundi. Kuna vidonge vya kupunguza damu ya hedhi unavomeza siku zile nzito tu, kuna kitanzi chenye homoni ambacho kwa wengi kinapunguza hedhi mpaka inakua matone, na kwa sababu umeshavuka 45 wanaweza kutaka kuchukua kinyama kidogo cha ukuta wa kizazi wakakiangalie. Ukiambiwa hivo usikimbie, ni utaratibu.

Kinga je? Chembe za kinga nazo zinatumia chuma, kwa hiyo unaweza ukashangaa mafua yanapungua yenyewe. Ila pia nikwambie, mtu mzima mwenye afya yake kupata mafua mara mbili tatu kwa mwaka ni kawaida, na mwenye watoto wa shule ndani anapata zaidi ya hapo, siyo kinga mbovu hiyo. Kinga mbovu ya kweli inakuja kivingine: nimonia mara mbili ndani ya mwaka, fangasi mdomoni zisizoisha, majipu makubwa ya ndani, maambukizi yanayotaka dawa za mshipa kila mara. Hao nawataka haraka.

Wakikutoa damu ya feritini wasikuchome mara mbili, waongeze hapo hapo kipimo cha tezi ya shingo, TSH, maana tezi ikilala mwanamke anachoka, anaona baridi wenzake wanaona joto, ngozi inakauka, nywele hizo hizo zinatoka. Waongeze sukari. Na VVU, na naomba usikasirike, siulizi maisha yako. Wanawake wa umri huu ndo wanaosahaulika kwenye kupima kwa sababu kila mtu anadhani hayo ni mambo ya vijana.

SWALI: Dada habari, mimi 54, hedhi ilikoma miaka minne iliyopita. Tangu mwaka jana UTI haziniachi, nimehesabu mara tano, kila nikienda napewa antibayotiki nyingine kali zaidi. Mwili umechoka na hizo dawa. Najua kinga imeisha, je kuna sindano ya kuipandisha?

Sindano ya kupandisha kinga kwa jumla jumla hivo haipo dada, akitokea mtu anakuuzia ondoka.

Na nina wasiwasi kinga yako haina kosa lolote. Homoni ya estrojeni ilikua inalisha ngozi ya ukeni na ya njia ya mkojo, ikiwa nene na yenye unyevu, na hapo wanaishi bakteria wazuri wanaofanya mazingira yawe na asidi ambayo bakteria wabaya hawaipendi. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, ngozi inakua nyembamba, inakauka, wale walinzi wanaondoka, na bakteria wa njia ya haja kubwa wanapata njia nyeupe. Huenda na tendo la ndoa siku hizi linauma au unasikia kuwasha na ukavu, sijui, hukuandika na wengi hawaandiki. Yote ni kitu kimoja.

Dawa yake ipo na ni ya zamani, estrojeni ya kupaka au ya kuweka ukeni, dozi ndogo mno ambayo kidogo sana inaingia kwenye damu. Inapunguza hizi UTI za kujirudia. Haifanyi kazi kwa wiki moja, jipe kama miezi mitatu ndo uhukumu. Kama uliwahi kuugua saratani ya titi ongea kwanza na daktari wako wa saratani.

Lakini kabla ya antibayotiki ya sita naomba kitu kimoja, mkojo uoteshwe maabara ijulikane ni bakteria gani na anakufa kwa dawa gani. Kale kakijiti kanakochovywa hakatoshi kwa mtu wa mara tano. Na kama huungui ukikojoa, huendi haja kila dakika, huna homa, halafu mtu akakupima akakwambia "kuna wadudu kidogo", hao wadudu waacheni, kwa umri huu kukuta bakteria kwenye mkojo wa mwanamke asiye na dalili ni jambo la kawaida na kuwatibu kunawafundisha usugu tu. Kapime na sukari, mkojo wenye sukari nyingi ni shamba. Ukiona damu yoyote ukeni, hata tone, miaka minne baada ya hedhi kukoma, hiyo ni safari ya wiki hii hii na haihusiani na haya tuliyoongea.

SWALI: Dokta natokwa jasho usiku mpaka nabadilisha nguo, nimechoka sana na nimekonda. Nina miaka 48. Ni menopozi sio?

Menopozi haikondeshi mtu bila sababu. Jasho la menopozi linakuja na joto la ghafla kuanzia kifuani kwenda usoni, mchana pia lipo, linapita dakika chache. Lako likija na kukonda, na hasa kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, au vinundu shingoni na kwapani, nenda kapime kifua kikuu, VVU, tezi na picha kamili ya damu. Usisubiri toleo lijalo la gazeti.

SWALI: Mimi nina 49. Miezi tisa iliyopita niliugua homa ya virusi nikapona. Ila sikurudi kua mimi. Vipimo vyote safi, tezi, sukari, damu, feritini 70. Kinachonishangaza kuna siku naamka niko fiti kabisa, nafanya usafi nyumba nzima, nafua, napika, nasema leo nimepona. Kesho yake nipo nipo. Keshokutwa siwezi kuinua mkono kuchana nywele, koo linauma, tezi zinavimba, kichwani kama kuna ukungu, nasahau jina la jirani. Nalala siku nne. Daktari alinambia nifanye mazoezi nijenge stamina, nilijaribu nikazidiwa. Mume wangu anaona naigiza.

Huigizi.

Hii barua yako ingefaa ipelekwe darasani maana umeeleza kwa maneno yako kitu ambacho wataalamu walichukua muda mrefu kukikubali. Ule mpangilio wa kufanya kazi leo halafu adhabu inakuja kesho au keshokutwa, na adhabu yenyewe ni kubwa kuliko kosa, ndo alama kuu ya ugonjwa wa uchovu sugu, kwa kifupi chake ME/CFS. Mwaka 2015 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipendekeza vigezo vyake: uchovu mpya wa miezi sita au zaidi unaokukata shughuli zako, kuzidiwa baada ya kujitumia, usingizi usioburudisha, halafu kimojawapo kati ya ukungu wa akili au kuzidiwa ukisimama. Mara nyingi unaanza baada ya maambukizi kama yako, wengi baada ya Uviko wamejikuta hapo, na wanawake unawapata kuliko wanaume. Sikupi mimi jina la ugonjwa kupitia gazeti, ila nenda kwa daktari na hayo maneno mdomoni.

Kuhusu mazoezi, wala usijilaumu. Zamani ushauri ulikua huo, ongeza kidogo kidogo kila wiki, hata mwili ukigoma endelea. Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2021 uliuondoa ushauri huo kwa wagonjwa wa aina yako. (Wewe mwingine unayesoma, uliyechoka kwa sababu ya kukaa kutwa nzima na kulala saa saba usiku, usijifiche hapa. Wewe ukitembea nusu saa unajisikia vizuri kesho yake, kwa hiyo tembea. Tofauti ni kesho yake.)

Kwa sasa unaishi kwa mkopo wa riba kali. Siku unayoita nzuri unakopa nguvu za siku nne na mkopeshaji anakuja na mabaunsa. Chukua daftari, wiki mbili uandike kila siku ulifanya nini na saa ngapi, na siku mbili mbele ulijisikiaje, utaanza kuona mstari wako uko wapi. Ukiuona, kaa chini yake, hata siku nzuri, hasa siku nzuri! Ukihisi unaweza kufanya vyumba vinne fanya kimoja ukae, ukiwa bado unatamani kuendelea. Oga umekaa kwenye stuli. Piga pasi umekaa. Kuongea na wageni masaa mawili na kuandika ripoti navyo vihesabu, ubongo unakula nguvu kama miguu. Na waambie wakupime presha na mapigo ya moyo ukiwa umelala halafu ukiwa umesimama dakika kumi, kama mapigo yanapaa sana kuna vitu vya kusaidia hapo, soksi za kubana, maji ya kutosha, wakati mwingine dawa.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa wenyewe haipo bado, nisikufiche. Ila kuna watu wanaopata nafuu kubwa kwa kuacha kupigana nao. Na kwa umri wako uliza pia kuhusu homoni, kwa sababu kama usiku joto linakuamsha mara tano, usingizi huo ukitibiwa peke yake ni mzigo mmoja umeshushwa.

Mume mpe asome hapa. Shemeji, habari. Siku ya tatu mtazame akijaribu kuchana nywele.

SWALI: Kuna mtu alinipa vidonge vya mitishamba vya nguvu na kinga, havina lebo. Siku ya tatu nikawa kama binti, maumivu ya viungo yakaisha, hamu ya kula ikarudi. Nina mwezi wa saba sasa. Ila uso umekua wa mviringo, sukari imepanda, na nimetoka mkanda wa jeshi. Nikiacha siku mbili nazimia. Niendelee au niache? Miaka 51.

Usiache ghafla na usiendelee kimya kimya, leo nenda hospitali na hivyo vidonge mkononi.

Mitishamba haifanyi hivi. Kupona ndani ya siku tatu, uso wa mviringo, sukari, mkanda wa jeshi, kuanguka ukiacha, mimi nasikia harufu ya steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe na maumivu. Imeshakamatwa sana kwenye dawa zinazouzwa kama za asili, deksamethasoni na prednisoloni zimesagwa humo bila kuandikwa. Mtu akizimeza anajisikia malaika. Kinachouma ni kwamba ulinunua dawa ya kinga na steroidi kazi yake mojawapo ni kuilaza kinga, ndo maana virusi vya tetekuwanga vilivyokua vimelala tangu utotoni vimeamka vikawa mkanda wa jeshi.

Mwili ulikua unatengeneza steroidi yake mwenyewe kwenye tezi zilizo juu ya figo. Miezi saba ya kuletewa ya bure, tezi zimelala. Ukikata ghafla huna ya nje wala ya ndani, presha inaanguka. Daktari atakupa prednisoloni inayojulikana kipimo chake halafu ashushe taratibu, wiki hata miezi. Ukitapika mfululizo, ukachanganyikiwa au ukazimia, hiyo ni dharura, aliye na wewe aseme wazi "alikua anatumia steroidi". Na aliyekupa usimpelekee mgonjwa mwingine.

SWALI: Mimi ni mwanaume. Mke wangu ana 50, analala masaa tisa anaamka na kichwa kinauma, mchana anasinzia mpaka kwenye kiti. Nikimwambia anakoroma anakasirika. Ni uvivu au kinga?

Uvivu hauumizi kichwa asubuhi, kaka. Msikilize usiku, kama anakoroma halafu kimya sekunde kumi au zaidi, halafu anashtuka kama aliyeibuka majini, ni pumzi inayokatika usingizini. Baada ya hedhi kukoma inaongezeka sana kwa wanawake na inakosewa, kwa sababu wengi wao hawakoromi kama trekta, wanalalamika uchovu tu na wanapewa dawa za mawazo. Kwa hiyo masaa tisa kitandani siyo masaa tisa ya usingizi.

Na uliuliza kinga, sasa sikia. Mwaka 2015 watafiti Marekani walichukua watu 164 wenye afya, wakawapima usingizi wiki nzima kwa kifaa cha mkononi, wakawatia virusi vya mafua puani kwa makusudi na kuwafungia hotelini. Waliolala chini ya masaa sita walikua na uwezekano wa kuugua mara nne na zaidi kuliko waliolala zaidi ya masaa saba. Hakuna kidonge cha kinga nilichowahi kuona kinafanya kazi ya namna hiyo.

Kipimo cha usingizi kipo, vingine vinafanyikia nyumbani, na ikithibitika kuna mashine ya kusukuma hewa anavaa usiku. Wengi wanaikataa wiki ya kwanza kwa sababu wanajiona kama rubani, mvumilie. Unaweza kumrekodi kwa simu dakika chache ili daktari asikie, ila muombe ruhusa kwanza, na usimwonyeshe mtu mwingine yeyote hata kwa utani.